Siku Moja Mjini Mumbai

Mji wa Mumbai katika Bara Hindi, ambao wazee wa pwani ya Kenya hata leo huuita Bombei, hauonekani wote kwa siku moja, wala kwa mwezi mmoja. Hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilikuta humo wakazi zaidi ya milioni 12, nao wamebanana juu ya ulimi wa nchi ulioingia baharini, kama watu waliojipanga gatini kungoja chombo. Walakini wako wageni wasio na siku zaidi ya moja, na mmoja wao alikuwa karani wa bandari ya Mombasa, mtu wa Kisauni, ambaye hakufika Mumbai kwa matembezi. Alikuwa amemsindikiza dada yake mkubwa aliyekwenda kutibiwa moyo.

Watu wa Kenya waendao India kwa matibabu ni wengi, na hapana haja ya kumweleza msomaji jinsi fedha za safari kama ile zinavyopatikana: jamaa huchanga, kanisa huchanga, na shamba la minazi huenda likauzwa. Kwa siku nne karani yule hakuona kitu ila kuta za hospitali, duka la dawa, na chumba kidogo alichopanga katika mtaa wa Parel. Siku ya tano waliambiwa ya kwamba dada atafanyiwa vipimo mchana kutwa, na kwamba saa kumi na moja jioni daktari mkuu atakuja kueleza kama moyo wake unaweza kupasuliwa au hauwezi. Wakati wa vipimo hakuruhusiwa mtu kukaa karibu. Usiku ule dada akamwambia ndugu yake, "Kesho usikae hapa ukihesabu matofali. Nenda ukautazame mji walimokaa wazee wetu, kisha uje unihadithie. Lakini saa kumi na moja uwe hapa, mdogo wangu. Nisiyasikie maneno yale peke yangu."

Karani akaacha simu yake kwa dada, ili jamaa wa nyumbani waweze kumpata, naye akachukua saa ya mkononi tu. Saa hiyo ilikuwa ingali ikifuata majira ya Kenya, ambayo yako nyuma ya majira ya India kwa saa mbili na nusu. Jambo hili linatajwa mapema kwa sababu baadaye lilikaribia kumtia mashakani.

Aliondoka alfajiri, kukiwa bado giza. Parel zamani ulikuwa mtaa wa viwanda vya pamba. Kampuni ya kwanza ya kusokota pamba kwa mashine mjini ilianzishwa mwaka 1854, na ilipofika miaka ya 1880 nguo za Bombay zilikwisha kuanza kuziondoa sokoni nguo za Kimarekani katika pwani ya Afrika ya Mashariki, ingawa jina la marikani lilibaki. Mwezi wa Januari 1982 wafanya kazi wa viwanda wapatao laki mbili na nusu waligoma, wakidai mshahara. Mgomo uliendelea zaidi ya mwaka mzima, na viwanda vingi havikufunguliwa tena. Siku hizi mahali pake pamesimama majumba marefu ya vioo, na katikati yake hapa na pale bomba la moshi la matofali lisilotoa moshi.

Kabla ya mwaka 2020 ilihesabiwa ya kwamba reli za ndani ya mji huu huchukua abiria zaidi ya laki sabini kwa siku. Neno "laki" halikumsumbua karani hata kidogo, maana Waswahili walilichukua kwa Wahindi tangu zamani, pamoja na gari, bima na chapati. Mabehewa mengi hayafungwi milango, na saa za kazi watu huning'inia nje kama popo. Mwaka 2023 watu zaidi ya 2,000 walikufa katika reli hizo, wengine kwa kuanguka na wengine kwa kukatiza njia. Alfajiri ile gari lilikuwa na nafasi. Alikaa karibu na wanawake watatu wenye vikapu vitupu, akaona aibu, mpaka mzee mmoja alipomwonyesha kwa mkono behewa la wanaume. Behewa lile lilikuwa la wanawake.

Gari lilimshusha katika kituo kikuu ambacho Waingereza walikiita Victoria Terminus. Tangu mwaka 1996 kinaitwa kwa jina la Shivaji, mfalme wa Wamaratha wa karne ya 17. Kilichorwa na F. W. Stevens, kazi ilianza mwaka 1878 ikachukua miaka kumi. Kwa nje mtu angedhani ni kanisa kuu au jumba la sultani, kwa wingi wa minara, kuba, na wanyama waliochongwa katika mawe. Juu ya nguzo za lango yuko simba upande mmoja na chui mwenye milia upande wa pili, yaani Uingereza na India. Karibu na mahali pale, tarehe 16 Aprili 1853, gari la moshi la kwanza la abiria katika India liliondoka na wageni 400 kwenda Thane, mwendo wa kilomita 34. Mahali pale paliitwa Bori Bunder, na mtu wa pwani hahitaji mkalimani kujua ya kuwa "bunder" ni bandari. Tena ni katika ukumbi wa kituo hiki kwamba usiku wa tarehe 26 Novemba 2008 watu wenye bunduki waliwaua wasafiri zaidi ya 50 waliokuwa wakingoja magari. Mashambulio yale yaliendelea mjini siku tatu, nayo yaliua watu 166. Leo wasafiri hulala juu ya sakafu ileile, vichwa juu ya mizigo yao, wakingoja magari ya kwenda mbali.

Kutoka kituoni alipanda teksi mpaka Sassoon Dock, gati la wavuvi lililojengwa mwaka 1875 na nyumba ya Sassoon, Wayahudi matajiri waliotoka Baghdad. Afikaye huko baada ya jua kupanda hukuta harufu tu. Karani alifika kulipokuwa kunapambazuka, akakuta kazi imepamba moto. Mashua zilizopakwa rangi nyekundu na buluu zilikuwa zimefungwa ubavu kwa ubavu, wala hapakuwa na winchi hata moja. Mtu aliye ndani ya mashua hujaza kikapu, humrushia mwenzake aliye juu ya gati, naye humrudishia kikapu kitupu kwa mkono wa pili, wala vikapu hivyo viwili havigongani hewani. Barafu inasagwa kwa kelele, kamba wanamwagwa chini marundo marundo, na wanawake wa Kikoli, sari zao zimefungwa kwa kukazwa katikati ya miguu, wananadi kwa sauti ambayo ingemnyamazisha dalali yeyote wa soko la Mombasa.

Wakoli ndio wenyeji wa kwanza. Walikuwa wakivua samaki hapa wakati Mumbai ilipokuwa visiwa saba vya matope na minazi, na jina la mji limetoka kwa mungu wao wa kike, Mumbadevi. Wareno walivimiliki visiwa hivyo, kama walivyomiliki Mombasa kwa wakati uleule, na amri za Mombasa zilitoka Goa, kusini kidogo ya hapo. Mwaka 1661 Wareno walivitoa visiwa vile kuwa mali ya binti wa mfalme wao, Catherine, aliyeolewa na Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza. Kwa desturi yao mke ndiye aliyekuja na mahari. Charles hakuona faida yake. Mwaka 1668 akaikodisha Bombay kwa Kampuni ya India ya Mashariki kwa kodi ya paundi kumi kwa mwaka. Baadaye bahari ilifukiwa kidogo kidogo, visiwa vikaungana.

Toka gati la samaki ni mwendo wa nusu saa kwa miguu mpaka Lango la India, ambalo liko katika kila picha ya mji huu. Ni tao kubwa la mawe ya rangi ya asali, urefu wake mita 26, limesimama ukingoni mwa maji. Lilijengwa kuwa ukumbusho wa kushuka kwa Mfalme George wa Tano mwezi wa Desemba 1911, lakini mfalme mwenyewe hakuliona, maana lilikamilika mwaka 1924. Tarehe 28 Februari 1948 kikosi cha mwisho cha askari wa Kiingereza kilipita chini ya tao lilelile kikielekea baharini. Nyuma yake ipo hoteli ya Taj Mahal iliyofunguliwa mwaka 1903, ambayo nayo ilishambuliwa mwaka 2008 ikaungua, ikatengenezwa tena. Karani aliitazama kutoka upande wa pili wa barabara, akanunua chai nusu gilasi kwa mchuuzi, akairidhia.

Kutoka hapo motaboti huwapeleka watu kisiwa cha Elephanta, ambako mahekalu yamechongwa ndani ya jabali, pamoja na sanamu ya mungu Shiva mwenye nyuso tatu iliyo na urefu wa mita zipatazo sita. Mwendo ni saa moja kwenda na saa moja kurudi. Karani alipiga hesabu akaona haitoshi. Mtu mwenye siku mbili asikose kwenda.

Sasa ni lazima kueleza maneno ya dada kuhusu "wazee wetu." Katika karne ya 19 manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi ya watumwa, watu waliookolewa hawakurudishwa makwao, kwa kuwa makwao kulikuwa mbali na njia zilikuwa za hatari. Wengine walishushwa Aden, wengine Shelisheli, na wengine Bombay. Baadhi ya watoto walipelekwa Sharanpur, karibu na mji wa Nashik, ambako wamisheni walikuwa na shule yao. Huko walifundishwa kusoma, useremala na uhunzi. Babu ya babu wa karani alikuwa mmoja wa watoto hao. Jina alilopewa na mama yake halijulikani katika ukoo. Mwaka 1864 vijana wa kwanza wa Nashik walifika Rabai, miongoni mwao William Jones na Ishmael Semler, ambao mwaka 1885 walipewa daraja la ushemasi na Askofu Hannington. Kisha mwaka 1874 na 1875 wakaja wenzao zaidi ya mia moja, wakakaa katika kijiji kipya kilichoanzishwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, nacho kikaitwa Freretown. Kengele yao ndiyo iliyowapa watu jina la Kengeleni, na kila mwenye kupanda matatu ya Kisauni hulitaja jina hilo bila kuwaza.

Freretown uliitwa hivyo kwa ajili ya Sir Bartle Frere, ambaye mwaka 1873 alitumwa Unguja kuzungumza na Sultani Barghash juu ya kukomesha biashara ya watumwa. Kabla ya hapo, toka mwaka 1862 hata 1867, Frere alikuwa gavana wa Bombay. Ndiye aliyeamuru kuta za ngome ya zamani zivunjwe ili mji upumue. Kwa hiyo karani alitoka asubuhi ile akiwa na nia moja ambayo hakumwambia mtu: alitaka kuona jina la Frere limeandikwa mahali mjini, apate kumwambia dada yake, Nimeliona.

Aliingia mtaa unaoitwa Fort hata leo, ingawa ngome haipo. Katikati ya njia panda ipo chemchemi ya mawe iliyochongwa vizuri mno, na juu yake amesimama mwanamke wa mawe mweupe. Hiyo ndiyo Flora Fountain, iliyojengwa mwaka 1864, na Flora ni mungu wa maua wa Warumi. Karani aliizunguka mara mbili akitazama. Kijana mmoja, mwanafunzi wa sheria aliyekuwa akila mkate kivulini, akamwuliza kwa Kiingereza anatafuta nini. Karani akamwambia. Kijana akacheka. "Mzee, umefika mahali penyewe," akasema. "Chemchemi hii ilikusudiwa kuitwa kwa jina la Frere. Kabla ya kufunguliwa wakabadili wakaiita Flora."

Ndivyo ilivyokuwa. Gavana alikosa chemchemi, na mungu wa Warumi akaipata. Hata Flora mwenyewe hakuachiwa uwanja: tangu miaka ya 1960 njia panda ile inaitwa Hutatma Chowk, yaani Uwanja wa Mashahidi, kwa kuwakumbuka watu zaidi ya mia moja waliouawa katika madai ya kupata jimbo la watu wasemao Kimarathi. Jimbo hilo la Maharashtra liliundwa tarehe 1 Mei 1960, Bombay ikawa mji wake mkuu, na mwaka 1995 jina la mji likawa rasmi Mumbai. Kijana akamwonyesha tena upande wa gati. Huko, akasema, ilikuwako barabara ndefu iliyoitwa Frere Road, na sasa inaitwa kwa jina la P. D'Mello, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa bandari. Karani wa bandari hakuona neno la kulalamikia hapo.

Wala si wana wa Nashik peke yao walioiona Bombay ile. Barghash mwenyewe, kabla hajawa sultani, alifukuzwa Unguja mwaka 1859 kwa kumwasi ndugu yake, akakaa Bombay kama miaka miwili. Atazamaye majumba aliyoyajenga Unguja baada ya kushika enzi mwaka 1870, na mabomba ya maji aliyoyaleta mjini, ataona ni kazi ya mtu aliyewahi kuishi katika mji mkubwa. Mwaka 1864 tena David Livingstone alivuka bahari toka Unguja kwa meli yake ndogo, Lady Nyassa, akitaka kuiuza Bombay. Mabaharia wake walikuwa Waafrika, na baadhi yao hawakuwa wamepata kuiona bahari kuu. Susi na Amoda walitafutiwa kazi katika magati. Chuma na Wikatani, ambao walikuwa vijana tu, waliachwa katika shule ya misheni ya Dk. John Wilson. Mji wakati ule ulikuwa umelewa fedha, maana vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani vilikuwa vimezuia pamba ya kule, na bei ya pamba ya India ikapanda kupita kiasi. Vita vilipokwisha mwaka 1865 bei ikaanguka, matajiri wakafilisika, na benki zikafunga. Livingstone aliuza meli kwa bei ndogo kuliko aliyoinunulia, kisha hata fedha hizo zikapotea katika benki iliyoanguka. Mwanzo wa mwaka 1866 aliondoka Bombay pamoja na Susi, Chuma na vijana tisa wa Nashik. Waliobeba maiti yake miaka saba baadaye hata Bagamoyo waliongozwa na Susi na Chuma.

Chuo Kikuu na mnara wake wa saa, ambao tajiri wa pamba Premchand Roychand aliugharimia akaupa jina la mama yake, Rajabai, karani aliupita upesi. Ni mnara mrefu, kama mita 85, nao unapendeza. Lakini aliambiwa ya kwamba karibu na saa sita mchana jambo la kutazamwa liko nje ya kituo cha Churchgate, na aliyemwambia hakukosea.

Huko ndiko washushapo mizigo wachukuzi wa chakula waitwao dabbawala. Kazi yao ilianza yapata mwaka 1890. Mke au mama hupika chakula nyumbani baada ya mume kwenda kazini, hukitia katika kopo la bati lenye ghorofa tatu au nne, na mchukuzi huja kulichukua. Kopo hupelekwa kituoni kwa baiskeli, hupangwa pamoja na mengine, husafiri kwa gari la moshi, hushushwa, hupangwa tena, na mchana hufika juu ya meza ya mwenyewe; kisha jioni kopo tupu hurudi nyumbani kwa njia ileile. Hakuna jina wala anwani iliyoandikwa. Juu ya kifuniko pana alama za rangi, herufi na tarakimu chache, zinazoonyesha kituo lilikotoka, kituo liendako, jumba na ghorofa. Wengi wa wachukuzi hawa hutoka vijiji vya milimani upande wa Pune, na wengi hawakusoma sana.

Karani, ambaye miaka ishirini ameshughulika na makontena, na ambaye anajua kontena la futi arobaini linavyoweza kupotea mchana kweupe na karatasi zake zikiwa kamili, alisimama pale muda mrefu kuliko alivyokusudia. Wanaume waliovaa kofia nyeupe walifika na matreyi ya mbao marefu vichwani, kila treyi na makopo zaidi ya thelathini. Waliyatua juu ya kando ya njia, wakayatawanya na kuyakusanya upya bila kusema neno, mikono ikienda kama ya mtu anayechambua mchele. Katika dakika chache kando ya njia ilikuwa tupu. Kabla ya mwaka 2020 walikadiriwa kuwa watu 5,000, wakichukua makopo yapatayo laki mbili kila siku. Ugonjwa wa korona ulipofunga maofisi, wengi walirudi mashambani, na si wote waliopata kazi yao tena. Mchukuzi mmoja alimwona mgeni anavyotazama, akamwinulia kopo moja amwonyeshe alama zake, kisha akakimbia nalo.

Naye karani akakumbuka kuwa hajala. Alinunua mkate wenye kiazi kilichopondwa, kikachovywa katika unga wa dengu na kukaangwa kwa pilipili, chakula ambacho mtu wa Mombasa atakitambua kuwa ni jamaa ya bajia za kwao. Alikila akitembea kando ya bahari katika Marine Drive, njia iliyopinda kama upinde kwa mwendo wa zaidi ya kilomita tatu. Jua lilikuwa kali, na watu wenye akili walikuwa ndani. Mwisho wa njia, kuelekea ufuko wa Chowpatty, lipo jengo la Wilson College, lililokamilika mwaka 1889, na jina lake ni la yule Dk. Wilson aliyepokea Chuma na Wikatani. Jengo hilo vijana wale hawakuliona, maana lilijengwa baadaye. Hata hivyo karani alisimama mbele ya lango mpaka askari akamwuliza haja yake, akasema hana, akaenda zake.

Karibu na hapo ipo Mani Bhavan, nyumba ya ghorofa alimokuwa akifikia Mahatma Gandhi toka mwaka 1917 hata 1934 kila alipokuwa Bombay. Godoro lake jeupe liko sakafuni na gurudumu la kusokotea pamba liko kando yake. Chumba ni kitulivu mno baada ya kelele za njiani, na hapo ndipo karani alipoketi, akasahau mwendo wa wakati.

Aliposhuka teksi mbele ya Haji Ali, saa yake ilionyesha saa saba kasorobo, akaongeza saa mbili, akaona ni saa tisa kasorobo, muda upo. Haji Ali ni kaburi na msikiti uliojengwa mwaka 1431 juu ya mwamba ndani ya bahari, kwa ukumbusho wa mfanya biashara tajiri aliyeacha mali yake akawa mcha Mungu. Njia ya kufika ni daraja la chini la saruji, ambalo hufunikwa na maji bahari ikijaa, likaonekana tena ikipwa. Waislamu, Wahindu na Wakristo hupita njia hiyo pamoja, na kando zake huketi wauza maua na maskini waombao. Mgeni wa bara angeogopa kuona maji pande zote mbili, lakini huyu alikulia mahali ambapo mtoto hujifunza bamvua na maji mafu kabla ya alifu na be. Alitazama magugu juu ya mawe, akaona maji yanajaa lakini bado sana.

Katika ua wa msikiti, chini ya minara myeupe, palikuwa na saa ya ukutani. Aliitazama, akatazama mkono wake, akatazama tena. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na nusu imekwisha kupita. Kutwa nzima alikuwa akiongeza saa mbili na kuisahau nusu.

Basi akarudi darajani kwa kupenya katikati ya watu akiomba radhi kwa Kiswahili. Teksi zilizosimama zote zilikuwa na abiria, na barabara ilikuwa imefungana magari kama gati siku ya meli tatu, kwa hiyo akakimbia kwa miguu kuelekea kituo cha Mahalaxmi. Toka juu ya daraja la kituo hicho huonekana Dhobi Ghat, uwanja mkubwa wa kufulia, na neno "dobi" halihitaji tafsiri. Wanaume wamesimama ndani ya birika za saruji, maji magotini, wakipiga nguo juu ya mawe. Juu ya vichwa vyao mashuka ya hospitali, sare za shule na suruali za jinzi zimeanikwa mistari kwa mistari, rangi moja moja. Watalii hulipia magari kuja kuona mahali hapa. Karani alipaona kwa muda wa kuvuta pumzi mara tatu, akaona mashuka meupe mengi, akashuka ngazi mbili mbili.

Saa zile gari halikuwa na nafasi. Aliingizwa ndani na watu waliokuwa nyuma yake, akasafiri vituo viwili akiwa amesimama kwa mguu mmoja, akatolewa nje na watu walewale. Akavuka daraja la reli, akapita chini ya bomba la moshi la kiwanda kilichokufa, akaingia hospitalini. Saa ya mlangoni ilionyesha saa kumi na moja kasoro dakika saba.

Dada yake alikuwa ameinuliwa juu ya mito miwili, mrija katika mkono wake. Daktari alikuwa hajafika. "Unatoka jasho kama mchukuzi," dada akasema. "Umeona nini?"

Karani akaanza na kumwambia habari ya chemchemi: jinsi ilivyokusudiwa kupewa jina la Frere, na jinsi walivyobadili dakika za mwisho wakampa mwanamke wa mawe. Dada alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama. "Kumbe jina lake walilikataa huku," akasema, "sisi ndio tukabaki nalo."

Mlango ukafunguliwa, daktari akaingia na karatasi zake, na dada akamshika ndugu yake kifundo cha mkono. Daktari alizungumza kwa muda wa robo saa. Mishipa miwili imeziba, lakini moyo wenyewe una nguvu kuliko walivyodhani. Hatari ipo, hakuificha. Watampasua siku ya Alhamisi asubuhi, akikubali. Dada akakubali, akatia sahihi yake polepole kwa herufi za shule, daktari akaondoka.

Dada akakaa kimya kidogo, akitazama dirishani, ambako taa za magari ya moshi zilikuwa zimeanza kupita. Kisha akamgeukia.

"Alhamisi," akasema. "Haya, endelea. Na Chuma, yule aliyembeba Livingstone, shule yake umeiona?"